Kabla ya Kugusa Ufunguo: Niliyojifunza Kuhusu Oili ya Tabo

Ndani ya boksi langu la spana, kando ya soketi na bisibisi, kuna bomba la sindano la mililita 60 ambalo nililinunua katika duka la dawa za mifugo hapa Tabora mjini. Halina sindano, na halijawahi kumchoma ng'ombe wala mbuzi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kutia oili ndani ya tabo (turbo, kifaa kinachotumia nguvu ya moshi wa eksozi kushindilia hewa kwenye injini) iliyotoka kufungwa kwenye injini, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kugusa ufunguo wa gari. Vijana wanaokuja kujifunza kazi katika gereji yangu huliuliza bomba hilo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote, nami kila mara huwajibu kwa kuwasimulia habari ya gari la mama mmoja mfanyabiashara wa asali wa Sikonge, kwa sababu bomba hilo nililinunua kutokana na hasara niliyomtia mama huyo na kujitia mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2014, mwezi wa tisa, wakati vumbi la huku kwetu linakuwa laini kama unga. Gari lilikuwa Toyota Land Cruiser VX ya umbo la 80, yenye injini ya 1HD-T: dizeli ya silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na tabo moja ya aina ya CT26. Mama huyo alilitumia kukusanya asali kwa warina asali wa maeneo ya Ipole na kuileta mjini. Asali ni nzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Ndoo ya lita 20 hufika kilo 28 hivi, kwa hiyo gari lililojaza ndoo 25 lilikuwa limebeba kilo 700 juu ya njia za mchanga wa msituni, na tabo ilifanya kazi kwelikweli. Aliponiletea, gari lilikuwa limekosa nguvu na linatoa moshi mweusi. Nilipofungua mpira wa hewa unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye tabo niliukuta umepasuka upande wa chini, mahali ambapo mtu haoni mpaka aushike kwa mkono, na mchanga ulikuwa umepita hapo kwa miezi mingi ukasaga ncha za feni ya tabo hadi zikabaki butu kama jino la mzee. Tabo ile haikuwa na tiba. Tukaagiza nyingine Dar es Salaam, ikaja kwa basi ndani ya boksi la karatasi ngumu.

Naomba nieleze kwa ukamilifu nilichokifanya siku ya kuifunga, kwa maana kila hatua niliiona sahihi wakati ule. Nilimwaga oili yote ya zamani, nikafunga filta mpya, nikatia oili mpya ya 15W-40 hadi kwenye alama. Nikabadilisha mpira wa hewa. Nikaifunga tabo kwenye manifoldi ya eksozi kwa gasketi mpya, nikaunganisha bomba jembamba linaloleta oili na bomba nene linaloirudisha kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, nikakaza kila bolti, nikaingia ndani ya gari, nikapiga staata. Injini iliwaka mara moja. Mshale wa presha ya oili kwenye dashibodi ulilala kwa sekunde chache kisha ukapanda, jambo ambalo halikunishtua, kwani filta ilikuwa tupu na mabomba yote yalikuwa matupu. Mama alikuwa amesimama pembeni akisubiri. Ili asikie kwamba kazi imefanyika, nikakanyaga resi mara tatu, tabo ikapiga mluzi wake ule mzuri, naye akatabasamu, akalipa, akaondoka.

Alirudi baada ya siku 19. Alinisalimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, kile kitu ulichonifungia kinalia kama king'ora, na nyuma gari linatoa moshi wa bluu. Kijana wangu wa gari anasema oili imepungua lita mbili tangu Jumatatu."

Nilipoifungua tabo ile nilikaa chini. Shafti ilikuwa inacheza juu chini kiasi cha kuonekana kwa macho. Feni ya upande wa hewa ilikuwa imegusa ukuta wa nyumba yake na kuacha mstari unaong'aa kama kucha imekwaruza bati. Bushi mbili zinazobeba shafti, ambazo zilipaswa kuwa laini na zenye rangi ya shaba safi, zilikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka, na shafti yenyewe ilikuwa na mabaka ya rangi ya bluu iliyokoza. Chuma hakigeuki bluu kwa kuchafuka; hugeuka kwa moto. Mahali ambapo palipaswa kupoozwa na oili muda wote palikuwa pameungua, na nilijua hakuna mtu mwingine aliyeigusa tabo ile tangu itoke kwenye boksi lake isipokuwa mimi.

Hapo nilitambua kwamba kwa miaka yote niliyofanya kazi nilikuwa najua tabo inafanya nini bila kujua inaishije. Kwamba moshi wa eksozi unasukuma feni moja, na feni hiyo kupitia shafti inazungusha ya pili inayoshindilia hewa kwenye injini, hilo kila fundi analijua. Kasi yake ndiyo hatuifikirii. Injini ya dizeli kama ile haifiki mizunguko 5,000 kwa dakika hata ukiilazimisha, lakini shafti ya tabo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wenye joto la nyuzi 600 na zaidi pale gari linapopanda mlima na mzigo. Tabo ya aina hiyo haina beringi za gololi. Ina bushi ambazo zenyewe huelea, maana yake ni kwamba kuna oili kati ya shafti na bushi, na oili nyingine kati ya bushi na nyumba yake, na nafasi hizo ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Shafti haitakiwi kugusa chuma chochote. Imelala juu ya oili kama mtumbwi ulivyo juu ya maji. Oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba joto na kulirudisha kwenye sampu. Ikikosekana kwa muda mfupi tu, chuma kinalala juu ya chuma, na kwa kasi ile hakuna mguso mdogo.

Sasa fikiria gari la mama yule nilipopiga staata. Tabo ilikuwa kavu kama ilivyotoka kwenye boksi. Bomba lake la oili lilikuwa na hewa. Filta ilikuwa tupu, nayo ilipaswa kujaa kwanza kabla oili haijasonga mbele, na tabo iko mbali na pampu. Lakini moshi wa eksozi haukusubiri. Silinda ya kwanza ilipowaka tu, shafti ilianza kuzunguka. Kisha mimi nikakanyaga resi. Sijui kwa hakika kama ni zile sekunde za mwanzo au ni resi zile tatu zilizoleta madhara makubwa zaidi, ila najua kwamba mikwaruzo ya kwanza iliingia siku ile mbele ya mwenye gari, na siku 19 zilizofuata zilikuwa za kuikuza tu.

Boksi lililoleta tabo nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya kuwekea nati. Nililimwaga juu ya meza, na chini kabisa, imekunjwa mara nne na kulowa oili, nikakuta karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza yenye mchoro wa mkono unaomimina oili kwenye tundu la juu la tabo. Mchoro huo hauhitaji shule ili kuuelewa. Nilikuwa nimeitoa karatasi hiyo siku ya kufunga na kuirudisha ndani bila kuikunjua.

Mtu aliyenisaidia kuelewa zaidi ya mchoro alikuwa mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli. Tabora ni mji wa reli tangu treni ilipofika hapa mwaka 1912, na bado kuna wazee mitaani ambao wamefungua injini kubwa kuliko vyumba tunavyolala. Tabo nazo zilianza huko kwenye injini kubwa. Mswisi Alfred Büchi aliliandikisha wazo la kutumia moshi wa eksozi mwaka 1905, na meli na treni zilizitumia miaka mingi kabla ya magari madogo, kwa hiyo si ajabu kwamba watu wa reli waliujua ugonjwa huu kabla yetu. Nilimfuata nyumbani kwake asubuhi, chini ya mwembe, nikampa shikamoo na kumwonyesha ile shafti. Aliigeuza mkononi, akaipitisha kucha juu ya mikwaruzo, akaniuliza swali moja.

"Kabla hujawasha, mwanangu, oili ilikuwa imeshafika hapa?"

Nikamjibu kwamba injini ndiyo inayoipeleka.

"Injini inaipeleka ikishawaka. Nimekuuliza kabla hujawasha."

Akanieleza kwamba baadhi ya injini kubwa za vichwa vya treni zina pampu ndogo ya umeme yenye kazi hiyo tu. Pampu hiyo hutangulia kusukuma oili kwenye tabo kabla injini haijazungushwa, na injini ikizimwa huendelea kufanya kazi kwa muda ili joto lililobaki lisiunguze oili iliyotuama ndani. "Gari lako halina pampu hiyo," alisema, "basi pampu ni wewe." Sentensi hiyo niliondoka nayo, na jioni ile ile nikapita kwenye duka la dawa za mifugo.

Tabo nyingine, badala ya ile iliyoungua, niliinunua kwa fedha zangu, zaidi ya shilingi milioni moja, ambazo kwa gereji yenye ukubwa wa yangu wakati ule zilikuwa kodi na ada za watoto. Sikutaka kuipoteza nayo. Kabla ya kuifunga nilifuatilia njia nzima ya oili, na nikaona kwamba hata ningeilowesha vizuri isingeishi, kwa sababu bomba jembamba linaloleta oili lilikuwa na masizi magumu ndani yake. Nilipita na waya mwembamba, likatoka pande la kaboni lenye umbo la punje ya mchele. Bomba hilo lilikuwa limefungwa kwenye tabo ya zamani, likafungwa na mimi kwenye ile iliyoungua, na kama si hofu ya hasara lingefungwa kwenye hii ya tatu. Tangu hapo bomba likiwa bovu au likiwa na shaka silisafishi, nadai lingine. Bomba la kurudisha oili nalo nililitazama kwa uangalifu ule ule. Oili inayotoka kwenye tabo haisukumwi na kitu; inashuka kwa uzito wake yenyewe, imechanganyika na hewa kama povu, na ndiyo maana bomba la kurudi ni nene na linapaswa kushuka bila kona za kubana. Likizibwa, oili hujaa ndani ya tabo na kupenya kwenye eksozi na kwenye hewa, gari likatoa moshi wa bluu, na fundi akaihukumu tabo iliyo nzima. Nimeshaona tabo mbili zikitupwa kwa kosa la bomba la kurudi lililokunjika.

Kuna jambo lingine ambalo hapa kwetu limekuwa mazoea, nalo ni kupaka silikoni kila penye gasketi. Kwenye viungo vya oili vya tabo nimeipiga marufuku gerejini kwangu. Ile inayobanwa kwenda ndani hukauka, hukatika vipande kama nyuzi, na kipande kimoja kinatosha kuziba tundu dogo la oili. Gasketi ya karatasi au ya chuma, na washa (pete bapa) mpya za shaba kwenye bolti ya bomba, zinatosha.

Siku ya kufunga tulianza mapema kabla jua halijawa kali. Filta niliisimamisha wima na kuijaza oili polepole, nikisubiri karatasi yake inywe, kisha nikaongeza tena, ndipo nikaifunga. Tabo ilipokuwa imekaa kwenye manifoldi na bomba la kurudi limeshaunganishwa, nilivuta oili ile ile mpya kwenye bomba la sindano, nikaiweka ncha kwenye tundu la juu na kusukuma taratibu, huku kidole cha mkono wa kushoto kikizungusha feni ya upande wa hewa. Hapa ndipo ningependa kila fundi kijana aweke mkono wake. Tabo kavu ukiizungusha kwa kidole huenda kwa wepesi wenye mkwaruzo mdogo sana, unasikika zaidi kwenye kucha kuliko sikioni, na husimama ghafla. Oili inapoingia, mkwaruzo ule hupotea, feni inakuwa nzito kidogo, inageuka kama kijiko ndani ya uji mwepesi, na ukiiacha husimama yenyewe pole pole. Niliendelea kusukuma na kuzungusha hadi oili ya bomba la sindano ilipoisha, nikalijaza tena nusu. Baadaye mzee wa reli aliniambia kipimo chake ni rahisi: endelea mpaka vidole vyako viache kusikia chuma.

Tabo ikawa imelowa, lakini bomba la kuleta oili lilikuwa bado na hewa. Nikalifunga upande wa injini na kuuacha upande wa tabo ukiwa huru, nikauelekeza kwenye kopo safi. Kisha nikachomoa waya mmoja unaokwenda kwenye swichi ya dizeli nyuma ya injekta pampu, yaani pampu inayopeleka dizeli kwenye silinda. Katika injini hii ya zamani ni waya mmoja tu. Ukiuchomoa, dizeli haipiti, na injini inazunguka kwa staata bila kuwaka. Nikamwambia kijana apige staata kwa sekunde kumi, aache dakika moja staata ipoe, apige tena. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili kilisikika kishindo cha hewa. Mara ya tatu bomba likatema mapovu, likakohoa, kisha oili ikatoka mstari mmoja mzima usiokatika, na mama mwenye gari, ambaye safari hii alikuwa ameomba kusogea karibu, akasema, "Kumbe siku ile haikuwa imefika hapo." Nilimjibu kwamba ni kweli, mama, haikuwa imefika.

Nikakaza bomba kwenye tabo, tukapiga staata mara mbili zaidi hadi mshale wa presha ukainuka bila injini kuwaka, nikarudisha waya, na ndipo tukawasha. Resi haikuguswa. Injini ilikaa ikiunguruma yenyewe, au kama tunavyosema gereji, ilikaa sailensa, kwa dakika tano kamili kwa saa yangu, nami nikiwa na tochi nikitazama kila kiungo cha oili kama kinatoa jasho. Kisha nikazima, nikapima oili kwa kijiti, nikaongeza kidogo kwa kile kilichoingia kwenye mabomba, na gari likaenda kujaribiwa hadi Ipuli na kurudi kwa mwendo wa kawaida bila mzigo.

Kijana wake wa gari nilimpa maelekezo mengine ambayo hayahusu kufunga bali kuendesha, nayo ni yale yale ya pampu ya treni. Aliwahi kupeleka asali Singida, na njia hiyo ukishavuka mbuga ya Wembere baada ya Igunga inapanda Sekenke. Gari lenye mzigo likifika juu ya Sekenke, tabo ina joto kali na shafti inazunguka kwa kasi kubwa. Dereva akisimama hapo na kuzima papo hapo ili akanunue maji, pampu ya oili inasimama na injini, lakini shafti bado inazunguka, na oili iliyobaki ndani inaungua ikawa kaboni ile niliyoitoa kwa waya. Nilimwomba aiache injini sailensa kwa dakika mbili kabla ya kuzima. Alinielewa, kwa kuwa mwenyewe hupumua kwanza akishapandisha ndoo ya asali begani kabla ya kuketi.

Kwa miaka iliyofuata nimeona njia nyingi za mkato. Wapo wanaopaka grisi kwenye bushi badala ya oili, wakidhani itadumu zaidi. Grisi haitiririki kwenye nafasi zile nyembamba, na inaweza kuziba tundu la oili wakati oili inapokuja. Kijana mmoja gerejini kwangu, aliyesikia kwamba tabo inahitaji oili lakini hakusubiri kuonyeshwa, aliimimina nusu kikombe kwenye mdomo wa hewa badala ya tundu la oili. Nilimsimamisha kabla hajawasha, na sikumkaripia, ila nilimweleza kwa nini mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Injini ya dizeli huweza kuwaka kwa oili inayoingia na hewa, na ikianza hivyo inapanda mizunguko bila kutii resi wala ufunguo, kwa sababu ufunguo unafunga dizeli tu na haufungi oili hiyo. Tulitoa mabomba yote ya hewa siku ile, tukayaosha na kuyakausha hadi usiku.

Kazi ndefu kuliko zote za aina hii niliifanya mwaka juzi, kwenye VX V8 ya dizeli, injini ya 1VD-FTV ya lita 4.5, ambayo ina tabo mbili, kila moja kwa safu yake ya silinda nne. Zilikuwa zimetolewa ili kubadilisha gasketi za eksozi, na zilikuwa nzima. Zilihitaji kurudishwa tu. Mwenye gari aliniuliza kama tabo ambayo ni ya zamani na ilikuwa inafanya kazi wiki iliyopita nayo inahitaji kuloweshwa. Ni swali zuri na wengi hukosea hapo. Tabo iliyokaa siku nne mezani imeshamwaga oili yake. Imebaki na utando tu, na mabomba yake yamejaa hewa sawa na ya mpya. Nilizilowesha zote mbili kwa bomba lile lile la sindano zikiwa bado mezani, kwa sababu zikishakaa mahali pake moja wapo ni ya kuifikia kwa ncha za vidole tu, nikaziba matundu yake kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, na kuongeza kidogo tena baada ya kuzifunga.

Kwenye injini hiyo hakuna waya mmoja wa kuchomoa. Nilichomoa plagi za umeme za nozeli zote nane, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, nikijua kwamba kompyuta ya gari itaandika makosa ambayo nitayafuta kwa mashine baadaye. Kisha nikafanya kila upande peke yake. Hili nalisisitiza kwa sababu kishawishi cha kuona oili ikitoka upande wa kulia na kuamini kwamba kushoto nako imefika ni kikubwa, hasa ikiwa upande wa kushoto unakulazimu kulala juu ya bampa. Oili hutangulia penye njia nyepesi. Upande wa kulia ilitoka mstari mzima katika zamu ya pili ya staata. Upande wa kushoto zamu ya pili ilitoa mapovu, ya tatu mapovu, na ya nne tone moja moja. Betri ilianza kuchoka na mwenye gari alianza kutazama saa. Nikafungua bomba lile upya, nikakuta washa ya shaba niliyoiweka imekaa upande na kufunika nusu ya tundu la bolti linalopitisha oili. Nikaibadilisha, tukaunganisha betri ya pili, na zamu iliyofuata oili ikajaa kopo.

Nilimwomba anirudishie gari baada ya kilomita 1,000. Alirudi siku ya Jumamosi. Nilifungua mipira ya hewa ya pande zote mbili, nikaishika nati ya shafti ya kulia kwa vidole viwili, nikaisukuma ndani na kuivuta nje, kisha juu na chini. Nikalala juu ya bampa, nikafanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Ndani nje haikusogea hata kidogo, na feni ilizunguka kwa uzito ule ule wa kijiko ndani ya uji. Nikafunga mipira, nikamrudishia ufunguo.